Usinunue gari la Disemba: Toyota zipi zinafaa kwa mtu wa Arusha na Moshi

Kila Januari kuna ndugu ananipigia simu akitaka nimtafutie mteja wa gari alilolinunua Oktoba. Alitaka gari la kupandia nyumbani Krismasi: refu, pana, injini kubwa, likiegeshwa kihambani wazee watoke nje kuliangalia. Sherehe zikaisha, ada za shule zikabisha hodi, ndipo akakumbuka kwamba anaishi Njiro, ofisi iko mjini, na gari linakunywa mafuta utafikiri linakwenda Serengeti kila siku.

Mwaka juzi ilikuwa zamu ya shemeji yangu, na Harrier yake. Nitaifikia.

Kwa hiyo nimepanga Toyota hizi kwa ajili ya mtu anayetembea kwenye lami miezi kumi na moja, na mara chache anapanda milimani, Kibosho, Machame au Ilboru. Nimebaki na Toyota kwa sababu fundi wa Unga Limited anaifungua usiku kwa tochi ya simu, na spea zake zipo mpya, za mtumba na za kuchongesha. Na ninazungumzia zile tunazozinunua kweli, yaani zilizotumika Japani kwanza.

Kabla ya kutaja gari lolote, kuna mambo mawili ambayo dalali wa Dar hatakuambia, maana kwake hayapo.

La kwanza ni mwinuko wa huku kwetu. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo, ile inayosukumia injini hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Moshi mjini iko chini zaidi, lakini wewe huishii mjini. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900. Gari lililokuwa jepesi kule Ubungo, huku likipakia watu watano na mkungu wa ndizi linaanza kuguna.

La pili ni giaboksi. Toyota ndogo za mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi zina otomatiki ya gia nne. Za baadaye zina CVT, ile isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda wa chuma. Mafuta inaokoa, na kwenye lami inateleza vizuri. Lakini mlima mrefu na mzigo huipasha joto, na inataka mafuta yake maalumu. Nimeshuhudia gereji moja ikijaza CVT mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye dumu. Gari lilitembea wiki tatu.

Sasa tupange.

Ninaweka mbele IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, lakini yenye injini ya lita 1.5. Najua utasema kila mtu anayo. Ndiyo sababu mojawapo: ukitaka kuiuza, simu inaanza kuita kabla hujamaliza kupiga picha. Injini ni 1NZ-FE, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na ukiibadilishia oili kwa wakati haina ugomvi na mtu. Giaboksi ni ya gia nne, hivyo ukishuka kutoka Kibosho unaweka 2 au L na injini yenyewe inakusaidia kushika gari. Wanaoshuka na D mguu ukiwa juu ya breki, harufu yao tunaisikia nyuma.

Shida ni kwamba IST za 1.3 na za 1.5 zinafanana kwa nje. Fungua boneti usome kibati: NCP60 ni 1.3, NCP61 ni 1.5, NCP65 ni 1.5 yenye foo-wili, inayovuta tairi zote nne. Madalali wengi hawatofautishi, au wanatofautisha na wananyamaza. Hiyo NCP65 ukiipata nzima, usiondoke. Haigeuki Land Cruiser, ila kwenye utelezi wa Aprili inakufikisha getini wakati mwenzio anasukumwa na vijana wa kijijini kwa malipo.

Udhaifu wake? Buti ni dogo, kwenye mashimo inagonga, na vioo vya pembeni vina wapenzi wengi usiku. Halafu kuna mtindo wa kuinyanyua kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya springi. Kidogo sawa. Ikizidi, shafti zinakaa kwa pembe zisizozizoea, buti zake za mpira zinachanika, vumbi linaingia, na baada ya miezi unasikia ka-ka-ka kila ukikata kona. IST mpya zaidi, ya kuanzia 2007, ni nzuri na pana zaidi, ila nyingi zina CVT. Kwa mtu wa mjini tu sina neno.

Ya pili itawakera wengi: Probox, na ndugu yake Succeed. Gari la kazi, ndiyo. Ndani ni plastiki ngumu, kelele za barabara zinaingia zote, na kiti cha nyuma kimenyooka kama benchi la kanisa. Lakini injini ni ileile ya 1.5 ya IST (zipo pia za 1.3, zikwepe), na toleo la mzigo lilitengenezwa kubeba kilo 400. Kama una duka, au unatoa ndizi Kiboriloni, Moshi, kupeleka Soko la Kilombero, Arusha, hakuna Toyota ndogo itakayokulipa haraka kama hii. Chagua iliyotengenezwa kabla ya 2014. Mwaka huo ilifanyiwa marekebisho na otomatiki yake ikawa CVT. Ukipata ya gia za mkono, bora zaidi. Ila Probox nyingi zimechoka kwelikweli kabla ya kutoka Japani, maana kule pia lilikuwa gari la kazi. Usiamini namba ya kilomita kwenye dashibodi. Angalia pedali ya breki na kiti cha dereva: raba iliyolika haidanganyi.

Nafasi ya tatu ni Premio na Allion za 2001 hadi 2007, 1.5 tena. Ni gari la mtu anayekwenda Moshi na kurudi Arusha kila wiki, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, na anataka kushuka bila mgongo kuuma. Imetulia, buti ni kubwa, na ina heshima bila kupiga kelele. Liko chini, hilo tu. Tumbo linaguswa na kila tuta. Ya 1.8 ina injini ya 1ZZ, na za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili mwenyewe kabla ya kusikiliza maelezo. Ya 2.0 ina D4.

Hii D4 tuimalize hapa hapa, maana utakutana nayo tena. Ni mfumo unaopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu na nozeli zake hazipendi petroli chafu, na masizi hujikusanya kwenye njia ya hewa. Sio injini mbovu. Inataka fundi mwenye mashine na subira, na hao si wengi. Ukiona D-4 kwenye mfuniko wa injini, na huna fundi wa namna hiyo, funga boneti taratibu.

Na hapo ndipo Noah inapoangukia nafasi ya nne. Kwa familia ya watu saba haina mpinzani: viti vinane, milango ya kuvuta, bibi anaingia bila kuinuliwa. Lakini Noah za 2001 hadi 2007 zina D4. Zilizofuata, kuanzia 2007, zimeachana nayo ila nyingi zina CVT. Nikilazimishwa, nachukua hiyo ya baadaye, namwaga mafuta ya giaboksi wiki ya kwanza na kuweka yanayotakiwa, tena naondoka na chupa tupu kama ushahidi. Na uliza kama iliwahi kubeba abiria. Iliyopiga ruti ya abiria miaka mitatu ikapakwa rangi, utaijua kwa reli za milango.

Rav4 nimeiweka ya tano kwa shingo upande. Kama nyumba yako iko juu kabisa, mahali lami inaishia na mvua ikinyesha unaacha gari kwa jirani, basi ihamishie namba moja na usahau niliyosema. Iko juu, na yenye foo-wili inapanda bila kujisifu. Ila Rav4 ya 2000 hadi 2005 yenye 2.0 kutoka Japani ina D4, na ile ya 1.8 inavuta tairi mbili tu, hivyo unakuwa umenunua umbo la mlima na miguu ya lami. Iliyofuata ina 2.4, na kodi yake inapanda.

Maana kodi nayo hupanga foleni. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa umekwenda kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 hakuna, kuanzia hapo hadi 2,000 asilimia 5, juu ya hapo asilimia 10. Gari la zaidi ya miaka kumi limekuwa likiongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake. Hayo yote ni mbali na ushuru wa forodha na VAT. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Weka modeli, mwaka na injini kabla hujatuma hata senti Japani.

Ndiyo maana Passo ya cc 996 ni rahisi kuingiza, na ndiyo maana imejaa. Ya sita. Mwalimu wa Moshi mjini anayekwenda shule na kurudi ataipenda: inaingia popote, mafuta haionekani kula. Silinda tatu hizo zikipakiwa watu wanne kupanda Uru, utazima kiyoyozi, kisha redio, kisha utaomba mmoja ashuke.

Ya mwisho kwangu ni Harrier ile ya 2003, Tako la Nyani. Nzuri mno, tulivu mno, na 2.4 yake haina haya kituoni. Arusha hadi Moshi IST inamaliza lita sita au saba; shemeji alikuwa anamaliza kumi. Nikamwuliza, "Shemeji, si ulisema ni ya Krismasi tu?" Akanijibu, "Krismasi ilipendeza lakini." Injini hiyo, 2AZ, nayo inajulikana kwa kula oili ikizeeka. Aliiuza Machi kwa hasara, akanunua Probox. Anapaki mbali na kanisa.

Land Cruiser za umbo la tangu 1984, zinazorefushwa bodi na kufunguliwa paa kwa ajili ya watalii kwenye gereji za Arusha, sijazipanga; hizo ni ofisi zenye magurudumu. Mpya kabisa za dukani, nitasema moja tu: Starlet ya sasa inayouzwa Afrika kiini chake ni Suzuki Baleno. Si vibaya, ila usimpelekee fundi ukidhani ni ya ukoo wa IST.

Ukiwa umepata la kwako hapa hapa nchini, ingiza namba yake kwenye mfumo wa polisi wa trafiki uone faini, kisha angalia deni la maegesho. Yote hufuata namba ya gari. Halafu mwambie muuzaji mpande mlima: Arusha nendeni Ilboru, Moshi nendeni Kibosho, injini ikiwa ya moto, watu wanne ndani. Nusu ya njia simama, vuta hendibreki, uondoke tena. Shuka kwa gia ya 2. Mkifika chini, zima, fungua boneti, chomoa kijiti cha oili, chungulia chini ya gari. Akisema mafuta hayatoshi kwa safari hiyo, mtilie wewe.