Vidonge vya Campden kwa maji ya bia ya nyumbani: vinafaa, ila si kwa kila tatizo

Bia ikitoka na ladha ya plasta ya kidonda, usikimbilie kulaumu hamira. Mara nyingi kosa liko kwenye maji ya bomba: klorini au kloramini (klorini iliyoungana na amonia), dawa za kuua vijidudu majini, ikikutana na fenoli, kemikali za asili za kimea, huzaa klorofenoli, na ulimi huzitambua hata zikiwa kidogo mno. Zikishaingia, hazitoki.

Kwa tatizo hili, vidonge vya Campden, yaani vidonge vya salfaiti, ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Kimoja hutosha takriban lita 75, hivyo kwa lita 20 robo yatosha. Kisage kwa mgongo wa kijiko kiwe unga laini, koroga kwenye maji kabla ya kutia kimea, subiri dakika chache. Kikitupwa kizima huyeyuka polepole mno, na hapo ndipo wengi hukosea. Kosa jingine ni kusahau maji ya kusuuzia kimea na yale ya kuongezea pipani. Nayo yatiwe dawa. Kuchemsha huondoa klorini vizuri, lakini kloramini hung'ang'ania. Chujio la mkaa nalo hufaulu, mradi maji yapite taratibu.

Ila kidonge hakipunguzi ualkali, yaani uwezo wa maji kupinga asidi. Maji yenye ualkali mwingi kwa bia ya rangi nyepesi bado yanataka asidi ya laktiki, kidogo kidogo, hadi pH (kipimo cha asidi) ya uji wa kimea iwe kati ya 5.2 na 5.6. Chumvi na chuma pia hakivigusi. Mwenye pumu asivute vumbi la kidonge: salfaiti huweza kumbana kifua.