Kununua amino: geuza kopo usome nyuma kwanza

Meseji ninazopata siku hizi zinafanana. Mtu amenunua kopo la amino, yaani unga wa vile viini ambavyo mwili hujengea protini, unaouzwa kwa watu wa mazoezi. Amelipa hela ya kutosha, amelitumia mpaka limekwisha, haoni tofauti yoyote, na sasa anauliza ahamie aina gani. Kila anayeniandikia namwomba kitu kimoja: nipigie picha ya nyuma ya kopo. Ikija, mara nyingi jibu liko palepale, kwenye mstari ambao mnunuzi hakuusoma na muuzaji hakuutaja. Kwa hiyo hapa sitazungumzia ladha, wala unga unayeyuka vipi kwenye maji baridi. Hayo utayajua ukishafungua. Mimi nina neno na lebo.

Chukua picha ya mwisho niliyotumiwa, na dada mmoja anayejiandaa kwa nusu marathoni. Mbele ya kopo pana misuli, radi na maandishi ya dhahabu. Nyuma pameandikwa "mchanganyiko maalum wa amino, gramu 5", kisha majina yanafuatana: taurini, glisini, glutamini, arginini, sitrulini, leusini, isoleusini, valini. Hakuna hata jina moja lenye gramu zake. Kwa sheria ya lebo ya Marekani, ambako makopo mengi ya namna hii hutoka, mtengenezaji anaruhusiwa kuficha uzito wa kila kiungo ndani ya mchanganyiko wake, mradi ataje uzito wa jumla na apange majina kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo.

Huo mpangilio ndio unaowaumbua. Leusini ni ya sita. Kitu cha sita katika orodha inayoshuka hakiwezi kuzidi sehemu moja ya sita ya jumla. Gawa gramu 5 kwa 6: hupati hata gramu moja. Na hapo tumewapa upendeleo wote, tumechukulia kwamba vile sita vya juu vimelingana uzito na viwili vya mwisho havimo kabisa. Leusini ya kweli humo ndani inaweza kuwa robo gramu, na huna njia ya kujua. Zilizotangulia, taurini na glisini, ni za bei ya chini, na taurini hata haitumiki kujenga protini ya msuli.

Kwa nini naing'ang'ania leusini? Mwili hujenga protini kwa amino 20. Kati ya hizo, 9 hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula: histidini, isoleusini, leusini, laisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Leusini ndiyo inayouamsha msuli uanze kujengwa, na kiwango kinachotajwa sana kwa mlo mmoja ni gramu 2 hadi 3. Lakini kuamsha si kujenga. Ukileta leusini bila zile nane nyingine, ni kumwita fundi saiti asubuhi bila matofali wala saruji. Kwa hiyo lebo nzuri kwangu ina sifa moja kubwa: kila amino ina mstari wake na gramu zake. Isipokuwa hivyo, silinunui hilo kopo, hata linadiwe namna gani.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, niseme kitu ambacho wauza virutubisho hawatakuambia. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Maharage yana laisini ya kutosha ila methionini yake ni kidogo. Ukiyapika pamoja kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na ndiyo maana sahani ya makande, au ugali kwa maharage, inakupa amino zote tisa. Ongeza mayai, dagaa au maziwa na wewe ni mtu wa mazoezi ya kawaida, sioni kopo la amino litakusaidia nini. Linaanza kuwa na maana kwa anayefanya mazoezi alfajiri tumbo tupu na hawezi kula mapema, kwa mzee ambaye hamu ya chakula imepungua na msuli unayeyuka, kwa asiyekula nyama wala maziwa, na kwa mwanariadha anayejifua mara mbili kwa siku.

Nafasi ya kwanza naipa amino zote tisa kwenye kopo moja, zile zinazoandikwa EAA. Hapa sifichi, mimi ni mpenzi wa Thorne, kampuni ya virutubisho ya Marekani. Amino Complex yao imeandika kila amino na uzito wake, moja chini ya nyingine, hakuna mahali pa kujificha. Kopo moja lina vipimo 30 vya kunywa, na lina alama ya NSF Certified for Sport. Alama hiyo ndiyo inayonifanya niitetee hata bei inaponiuma. Maana yake bidhaa imepimwa na watu wa nje kuangalia kama kilichoandikwa kimo kweli na kama hakuna dawa zilizopigwa marufuku michezoni.

Kwa wakimbiaji wetu jambo hili si la mapambo. Kwenye sheria za kupambana na dawa za kusisimua misuli, mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe amekusudia au hakukusudia. Kijana wa Iten au wa Arusha akimwambia mpimaji "nilinywa amino za jimu", utetezi huo haumwondolei kosa. Kenya ina wakala wake kamili wa kazi hii, ADAK, na orodha ya wanariadha waliofungiwa imekuwa ndefu mno kwa mtu kuendelea kununua unga kwa kuamini maneno ya muuzaji. Kama hupati Thorne, tafuta kopo lenye alama ya Informed Sport. Hao hupima kila toleo, yaani kila mkupuo unaotoka kiwandani, kabla halijaingia sokoni, na unaweza kuchukua namba ya toleo iliyo kwenye kopo lako ukaitafuta kwenye tovuti yao. Fanya hivyo kopo likiwa bado mkononi mwa muuzaji. Alama kuchapwa kwenye karatasi ni kazi ndogo. Namba inayopatikana kwenye orodha ndiyo ushahidi.

Nafasi ya pili ni beta-alanini, na hii ni kwa watu wa kasi, si kila mtu. Inaongeza karnosini ndani ya msuli, na karnosini hupunguza makali ya asidi unapokaza. Faida yake iko zaidi kwenye juhudi za dakika moja hadi nne hivi: mbio za mita 800, kuogelea mita 200, raundi ya ngumi. Kipimo ni gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku, kila siku, si chini ya wiki nne. Haifanyi kazi kwa kunywa siku ya mechi. Hapa nunua unga mtupu wa NOW, kampuni ya familia ya Illinois iliyoanza 1968. Orodha ya viungo ni jina moja tu, kwa hiyo hakuna cha kuchanganyia.

Ukinywa nyingi kwa mpigo, uso na mikono vinachonyota kama dakika ishirini au zaidi, kisha inaisha yenyewe. Haina madhara, na ukigawa dozi ndogondogo kwa siku huisikii sana. Ninachokichukia ni jinsi mchonyoto huu unavyotumika kuuzia. Mtengenezaji anatia beta-alanini kidogo kwenye mchanganyiko wake wa siri, mteja anasikia ngozi inacheza, muuzaji anamwambia "umeona, hii mali inafanya kazi". Ngozi ndiyo iliyofanya kazi. Gramu moja leo na moja keshokutwa haibadilishi chochote kwenye msuli.

Ya tatu ni sitrulini, ile inayopatikana pia kwenye tikiti maji. Watu hununua arginini wakitaka damu ifunguke mishipani, lakini sehemu kubwa ya arginini huvunjwa utumboni na kwenye ini kabla haijafika popote. Sitrulini hupita, figo zikaigeuza kuwa arginini, na mwisho wa yote inaipandisha arginini ya damu kuliko arginini yenyewe. Kipimo cha sitrulini maleti (sitrulini iliyochanganywa na asidi ya maliki) ni gramu 6 hadi 8, saa moja kabla ya mazoezi. Matokeo yake kwa wanamichezo yanapishana, wengine wanapata marudio machache zaidi, wengine hawapati kitu, ndiyo maana iko ya tatu. Angalia tena lebo: makopo mengi yanaitaja kwa majigambo mbele, nyuma unakuta gramu moja.

BCAA naiweka ya nne, na najua nitagombana na watu. Hizi ni leusini, isoleusini na valini peke yake, kwa kawaida kwa uwiano wa 2:1:1. Mwaka 2017 mtafiti Robert Wolfe alipitia ushahidi uliokuwepo na kuhitimisha kwamba madai ya BCAA peke yake kujenga msuli wa binadamu hayana msingi, kwa sababu zile amino sita nyingine zinakosekana, na mwili utalazimika kuzitoa kwenye msuli huohuo unaotaka kuujenga. Xtend, kopo la BCAA linalojulikana sana, naiheshimu kwa jambo moja: imeandika wazi gramu 7 za BCAA, glutamini gramu 2.5 na sitrulini maleti gramu 1. Lebo ni safi, kilichomo ndicho sikihitaji. Na kama tayari unakunywa protini ya whey, ile ya maziwa, unanunua kitu kilekile mara mbili. Kipimo kimoja cha Gold Standard Whey ya Optimum Nutrition kina protini gramu 24, na ndani yake BCAA gramu 5.5, pamoja na zile sita zilizobaki.

Glutamini kwa mtu mzima mwenye afya na anayekula vizuri, okoa hela yako. Amino za "nguvu" zenye kafeini, kama Amino Energy yenye miligramu 100, zinakupa msisimko ambao kikombe cha kahawa nacho kinakupa.

Kwa wasomaji wa Kiislamu, na nimeulizwa hili mara nyingi kutoka Mombasa na Unguja: amino nyingine hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ya mahindi au miwa kwa bakteria, nyingine hutolewa kwenye manyoya ya kuku na bata, na sisteini imewahi kutolewa hata kwenye nywele za binadamu. Lebo ikisema zimetokana na uchachushaji, au bidhaa haina kitu chochote cha mnyama, hapo uko salama. Vidonge vya kapsuli viangalie zaidi, maana ganda lake huwa jelatini, na jelatini nyingi ni ya nguruwe au ng'ombe asiyejulikana kachinjwa vipi.

Za bei rahisi zina maneno machache. Vidonge vya amino vya gramu moja moja vinakutaka umeze kiganja kizima ili ufikie kipimo. Unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni pale mapokezi ya jimu, usinunue kabisa. Hauna lebo, hauna tarehe, hauna namba ya toleo. Mwaka 1989 huko Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua ugonjwa wa misuli na damu baada ya kumeza triptofani, na makumi walikufa. Wachunguzi waliufuata unga ule hadi kwa mtengenezaji mmoja, Showa Denko wa Japani, kwa sababu chupa zilikuwa na kumbukumbu za zilikotoka. Mfuko wa nailoni ukikudhuru, daktari ataanzia wapi?

Na hapo nafika kwa wauzaji wetu. Unaona tangazo, kopo zuri, mtu kifua wazi, maelezo marefu, bei hakuna. Ukiuliza unaambiwa "njoo inbox". Ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi, na bei inategemea jibu. Mteja wa Masaki na mteja wa Mbagala wanatajiwa bei mbili kwa kopo lilelile la siku ileile. Ukiomba picha ya nyuma unatumiwa tena ya mbele. Ukisisitiza, unaletewa picha ya mtandaoni yenye lebo ya toleo la zamani. Wengine wamebandika stika ya bei juu ya tarehe ya kuisha, na ukiibandua wanakasirika. Watu hawa wanauza kitu kinachoingia mwilini mwa mtu, na wengi wa wateja wao ni vijana wanaokusanya hela miezi kwa kopo moja. Wanastahili kuambiwa bei hadharani na kuonyeshwa lebo bila kubembeleza.

Mwenye ugonjwa wa figo au ini, mjamzito, na anayetumia dawa ya levodopa kwa ugonjwa wa Parkinson, asianze amino yoyote bila daktari wake kujua. Wengine, kabla hujatuma hela, dai vitu vitatu kwa meseji moja: picha ya nyuma ya kopo lenyewe, picha ya tarehe na namba ya toleo, na bei ya mwisho. Asiyeweza kukutumia vyote vitatu, mwache na kopo lake.