Difu ya kati ya mafuta kwenye Slash 4X4: je, inafaa kwa murramu yetu?

Traxxas Slash 4X4, gari la rimoti la kipimo cha 1/10, huja na klachi ya kuteleza katikati ya mfumo wake: sahani, vipande vya msuguano, springi na nati moja ya kurekebisha. Kampuni hiyo hiyo huuza difu ya kati, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inayokaa mahali pa klachi hiyo, ikiwa imefungwa kabisa na kujazwa mafuta mazito ya silikoni. Tathmini hii ni ya difu hiyo, kwa mtu anayeendesha kwenye murramu, viwanja vya mpira na barabara za vumbi za Uganda.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba difu hii haifanyi kazi ya klachi. Klachi inateleza kati ya mota na magurudumu yote manne. Mshtuko ukizidi, inaachia. Difu inagawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Magurudumu ya mbele yakipoteza mshiko, gia ndogo za ndani huzunguka, na mafuta yanapinga mzunguko huo. Lakini magurudumu yote manne yakishika kwa pamoja, hakuna kinachoachia. Ukitua kutoka kwenye tuta huku umebana gesi, pigo zima linakwenda kwenye meno ya gia na shafti. Anayeinunua akidhani inalinda gia atavunja gia. Inunuliwe kwa sababu ya namna gari linavyoshika njia, na hapo inastahili sifa zote.

Kwenye murramu kavu yenye changarawe juu, tofauti inaonekana kwenye kona ya kwanza. Gari lenye klachi husukuma pua nje ukikanyaga mapema, kwa kuwa mbele na nyuma vimefungwa pamoja. Lenye difu hukunja na kutoka kwenye kona likiwa limetulia. Gharama yake ni kwamba ukibana gesi ghafla, mbele hunyanyuka, matairi ya mbele yanazunguka bure na kuvimba, na nguvu inapotelea huko. Uzito wa mafuta, yaani jinsi yanavyokataa kutiririka, ndio unaoamua jambo hili.

Mafuta ya difu hupimwa kwa sentistoki, yaani cSt. Ya 10,000 yanatiririka kama asali nzito. Ya 100,000 karibu hayasogei. Kwa Slash yenye mota ya brashilesi (isiyo na brashi) na betri ya 2S (seli mbili), 50,000 ni pa kuanzia pazuri. Kwa 3S (seli tatu) nenda 100,000, la sivyo matairi ya mbele yataisha upesi. Uwanja ukiwa na tope laini la msimu wa mvua, shuka hadi 30,000. Angalia chupa vizuri: mafuta ya shokomzoba huandikwa kwa kipimo kingine, na yale ya Team Associated ya 30 ni kama cSt 350 tu. Ukiyatia kwenye difu ni sawa na kuiacha tupu.

Huna uzito unaoutaka? Changanya, lakini usipige wastani wa kawaida. Sehemu sawa za 30,000 na 100,000 hutoa takriban 55,000, si 65,000. Fundi wa bodaboda atakupa mafuta ya gia au ya shokomzoba kwa nia njema. Kataa. Ni mepesi mno kwa kazi hii, na mafuta yatokanayo na petroli huweza kuvimbisha mpira wa oringi (pete ya kuziba mafuta) usiotengenezwa kwa ajili yake. Grisi nayo husukumwa pembeni na gia, ikabaki imekwama ukutani bila kazi.

Kuifunga kunahitaji subira zaidi ya nguvu. Toa mota na kifuniko cha gia, ondoa klachi pamoja na shafti yake, kisha hakikisha beringi za pande zote mbili zinazunguka laini kabla ya kuweka kitu kipya. Hata difu mpya ifungue kwanza. Skrubu zinalegezwa kidogo kidogo kwa mshazari. Kagua gasketi na oringi, paka oringi grisi ya silikoni, na angalia kila shimu (washa nyembamba) imekaa mahali pake, kwani shimu iliyopotea hufanya gia ndogo zikutane vibaya na kutafunana. Mimina mafuta hadi yafunike pini ya gia ndogo, kisha acha. Usijaze hadi ukingoni! Silikoni hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Joto likipanda nyuzi 50, ujazo unaongezeka kama asilimia 5. Nafasi isipokuwepo, mafuta yatajitafutia njia kupitia oringi, na hiki ndicho chanzo cha uvujaji mwingi ambao watu huulaumu mtambo wenyewe. Acha ilale wima usiku mzima ili mapovu yapande, kisha funika.

Mizani ndogo ya sonara inasaidia sana hapa. Pima difu ikiwa tupu na ikiwa imejazwa, andika tofauti, na kila ukibadilisha mafuta rudia gramu zilezile. Bila hivyo utadhani umebadilisha uzito wa mafuta kumbe umebadilisha kiasi.

Skrubu zinaingia kwenye plastiki, kwa hiyo zikikaza simama. Gundi ya kuzuia skrubu kulegea iwe kwenye chuma kwa chuma tu, kama skrubu ya pinioni (gia ndogo ya mota). Kwenye plastiki huleta nyufa. Nafasi kati ya pinioni na gia kubwa: pitisha ukanda wa karatasi ya daftari kati ya meno, sukuma mota ikutane nayo, kaza, toa karatasi. Karatasi itoke imekunjamana bila kuchanika.

Adui mkubwa hapa kwetu ni vumbi jekundu. Linachanganyika na mafuta kidogo yanayotoka kwenye shafti, linakuwa kama msasa, na oringi inaisha. Ukiona tope jekundu shingoni mwa difu, fungua. Mafuta ya kijivu maana yake gia zinalika. Ya rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Safisha kwa spiriti, usitumie dawa ya kusafishia breki, kwani nyingine huharibu plastiki na mpira.

Nani aache? Mwenye kurusha gari juu ya tuta siku nzima kwa 3S abaki na klachi yake: akaze nati hadi springi ikaribie kubanana kabisa, kisha alegeze nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja. Mwenye Slash inayosukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma pia aache, haimhusu.

Kwa kuwa mzigo unaagizwa nje, na forodha hutoza VAT ya asilimia 18, mbali na nauli ya kusafirisha, weka kila kitu kwenye oda moja: difu, seti mbili za oringi na gasketi, shimu za akiba, na chupa mbili za mililita 60, ya 30,000 na ya 100,000. Kwa kuchanganya, hizo mbili zinakupa uzito wowote ulio katikati yake.