Nimelipia kifurushi kizima, daktari hakunigusa bega

Kama bega linakuuma na unacheza mchezo wowote wa kurusha au kupiga mpira juu ya kichwa, hapa usiende. Jina la kliniki sitaji maana hela ya wakili sina, ila ipo Dar, ina kiyoyozi kikali na bango kubwa mlangoni lililoandikwa "Wataalamu wa majeraha ya michezo". Hilo neno wataalamu ndilo lililonipeleka na ndilo linaloniwasha mpaka leo.

Mimi nacheza wavu, mshambuliaji wa pembeni, napiga kwa mkono wa kulia. Mshahara wa mpira hakuna, mchana niko kazini na jioni niko uwanjani. Bega lilianza kunisumbua kipindi cha masika, nikisevu tu, yaani nikianzisha mpira. Baadaye likauma nikifunga sidiria, kisha hata kushika bomba la juu kwenye daladala ikawa ni kuuma meno. Usiku nikilalia upande ule naamka. Kocha akasema achana na watu wa kuchua kwa mafuta ya moto, nenda kwa wanaojua. Nikajichanga, nikaenda.

Mapokezi hata salamu hakuna. "Bima au keshi?" Keshi. "Basi kuna kifurushi cha vikao kumi, unalipa chote kabla, na hela ikishaingia hairudi." Nikauliza, dada yangu, sasa nitajuaje kama nahitaji vikao kumi na daktari hajaniona? Akanitazama hivi, akasema wote wanalipa hivyo. Nikalipa. Nilikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu habishani na mwenye kiti cha kuzunguka.

Sasa njoo kwa daktari mwenyewe. Nimeingia, anaongea na simu kuhusu vigae. Vya sitini kwa sitini, anasisitiza, siyo vile vya chooni. Akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikakaa nikasikiliza habari za nyumba yake mpaka zikaisha. Mezani ana bega la plastiki, lile la kufundishia, lenye mifupa myeupe na misuli myekundu, na muda wote wa mazungumzo alikuwa analizungusha kwa mkono wa kushoto, kichwa cha mfupa kinaingia na kutoka, klik, klik.

"Tatizo?"
"Bega."
"Lipi?"
"La kulia. Nacheza wavu, likifika hapa nikiinua mkono…"

Nikainua mkono nimwonyeshe panapouma, yaani kuanzia usawa wa kifua hadi juu kidogo ya bega, likipita hapo linatulia. Hakutazama. Alikuwa anaandika. Kitu pekee kilichomfanya ainue macho ni neno wavu.

"Kwani unachezea Simba wewe? Pumzika dada, wavu ni mchezo wa shuleni."

Akacheka mwenyewe. Halafu akasema tutapiga sindano leo, utafanya mashine ya umeme, na isiposaidia tutaingia tukwangue mfupa kidogo. Yote hayo amekaa. Meza katikati yetu, hakuizunguka. Hakuniambia nisukume mkono, hakuniambia nigeuke, hakulinganisha bega la kulia na la kushoto. Bega la plastiki alilishika weee, langu lenye damu hata kidole hakikufika.

Nikamuuliza hiyo sindano ni ya nini, ni kotisoni? Ndiyo. Nikamwambia nina mechi wikiendi, na ninavyojua tangu tarehe 1 Januari 2022 sindano zote za jamii hiyo ya steroidi haziruhusiwi wakati wa mashindano, WADA, lile shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, wameziweka kwenye orodha, iwe ya kwenye kiungo, iwe ya kwenye kano, iwe ya msuli. Jibu lake? "Nani atakupima wewe?"

Kweli, labda nitazeeka bila kupimwa. Hoja siyo hiyo. Umeandika mlangoni kwamba unatibu wanamichezo, halafu mwanamichezo anakuuliza swali la msingi kabisa unamcheka! Hajui kwamba kuna kibali cha matibabu mtu anaombewa? Hajui kwamba dawa inakaa mwilini, kwa hiyo unapanga sindano mbali na mechi? Angekuja binti wa timu ya taifa asiyejua kuuliza, angechomwa, akajikuta anajieleza mbele ya kamati. Na sisemi sindano ni mbaya. Kuna watu inawatuliza maumivu kwa wiki kadhaa, wakapata nafasi ya kufanya mazoezi. Ila unamchomaje mtu ambaye hujajua kinachomuuma, tena ukijua zikirudiwarudiwa zinaweza kudhoofisha kano?

Na lile la kukwangua mfupa. Usiku ule sikulala kwa hasira, nikasoma. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018 kwenye jarida la The Lancet: wagonjwa zaidi ya 300 wenye maumivu ya bega ya namna hii, wengine wakafanyiwa operesheni hiyo ya kukwangua, wengine wakaingiziwa kamera tu bila kukwanguliwa chochote, wengine hawakufanyiwa kitu. Waliokwanguliwa na wale wa kamera tupu wakalingana. Na hata ukiwalinganisha na wasiofanyiwa chochote, tofauti ilikuwa ndogo, siyo ya kumfanya mtu ajisikie amepona. Sawa, wale hawakuwa wapiga smashi, walikuwa watu wa kawaida. Lakini kuitaja operesheni dakika ya tano, kabla ya kugusa! Fundi wa pikipiki hapa mtaani kwetu hafungui injini kabla hajaipiga stata akaisikiliza.

Sindano nikakataa. Akaandika "amekataa matibabu", nikaona kwa macho yangu.

Chumba cha mashine sina mengi. Pazia la bluu limekosa ndoano mbili, unafunika huku kule kunafunuka. Wanakupaka jeli ya baridi, wanakubandika raba nne, wanawasha, wanaondoka. Mashine ikimaliza inalia pii pii na hakuna anayekuja, unajibandua mwenyewe. Kusema haki, nikitoka pale maumivu yalikuwa yanapungua hadi kesho yake. Nikipiga tu mpira, yamerudi. Umeme wa kwenye ngozi unatuliza, msuli hauujengi. Nikaendelea kwenda kwa sababu nimeshalipa, na mtu aliyelipa Dar hii haachi.

Ningeishia hapo na nyota yangu moja, nikalala. Lakini kuna kijana.

Alikuwa mwanafunzi wa fiziotherapia, yuko fildi, koti lake jeupe limemzidi mabega. Siku hiyo mhusika wa mashine hakuja, akatumwa yeye. Akanisalimia. Akauliza, dada, nani amekupima? Nikamwambia hakuna. Akadhani natania. Akamwita nesi wa kike asimame nasi, ndiyo akasema samahani dada, naomba ushushe blauzi nyuma, mabega yote mawili niyaone. Akasimama nyuma yangu kimya, muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akaniambia nibane viwiko ubavuni, nivikunje, nisukume mikono kwenda nje dhidi ya viganja vyake. Wa kushoto ukasimama imara. Wa kulia ukasalimu amri.

Akaomba simu yangu, akanipiga picha ya mgongo, akanionyesha. Jamani. Chini ya ule mwinuko wa mfupa bapa wa bega, upande wa kulia, kuna bonde. Msuli umenyauka, kivuli kimeingia mle ndani kabisa, upande wa kushoto pamejaa. Mimi naoga kila siku, mgongo wangu sijawahi kuuona. Mama mwenye nyumba wangu hajawahi kuuona. Aliyelipwa kuuona alikuwa anachagua vigae.

Akanieleza taratibu. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kinachokipokea, ndiyo maana bega linazunguka kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo maana halina pa kujishikiza zaidi ya kano na misuli midogo minne inayolizunguka. Mmoja wa hiyo minne unakaa pale penye bonde langu. Kazi yake ni kuzungusha mkono kwenda nje na kuushikia breki baada ya smashi. Mshipa wa fahamu unaoulisha unapita kwenye upenyo mwembamba kando ya mfupa, na kwa wapigaji wa wavu mshipa huo huvutwa na kubanwa kwa mapigo yale yale maelfu kwa maelfu. Ni jambo linalojulikana kabisa kwenye mchezo wetu. Tena mara nyingi haliumi, mtu anagundua msuli umekwisha. Kinachouma kinaweza kuwa kingine, kwa kuwa misuli iliyobaki inabeba mzigo wa mwenzao. Akasema inabidi nipimwe mishipa ya fahamu, na nipigwe picha ya MRI ionekane kama kuna uvimbe wa maji unaoukandamiza, maana ukiwepo matibabu yanabadilika.

Rufaa akaiandika yeye. Daktari akaisaini bila kuisoma, kalamu mkono mmoja, simu mkono mwingine.

Huko hospitali kubwa foleni ni foleni, lakini waligusa. Uvimbe hakuna. Mshipa umechoka, haujakatika. Kwa hiyo ni kupunguza mapigo na kujenga kilichobaki, na mapigo yakirudi yarudi kidogo kidogo. Hapo ndipo mabega mengi ya timu zetu yanapofia: mtu amekaa likizo, siku ya kwanza kocha anamsevisha kapu zima la mipira.

Yule kijana wa fildi alinifundisha mazoezi ambayo hayana hata gharama. Tyubu ya baiskeli iliyotoboka, kata, funga kwenye nguzo ya wavu. Kunja taulo ulibane kati ya kiwiko na ubavu, vuta tyubu kwenda nje, rudisha polepole, na kurudisha ndiko kwenye kazi, siyo kuvuta. Pushapu, ukifika juu usiishie hapo, sukuma tena mpaka mgongo utune katikati ya mabega. Na kuzungusha kifua, maana mgongo ukiwa mgumu bega ndilo linalolipa. Akaniambia Wanorwei walijaribu kitu cha namna hii kwa wachezaji 660 wa mpira wa mikono kutoka timu 45, majibu yakatoka 2017: dakika kama kumi ndani ya kupasha misuli, mara tatu kwa wiki, na hatari ya matatizo ya bega ikashuka kwa asilimia 28. Magolikipa wa soka nao wana programu yao ya mabega, FIFA 11+ S. Nikampelekea kocha. Mwanzo alisema tunapoteza muda wa mpira, sasa hivi nguzo zetu zimejaa tyubu na yeye ndiye anayepiga filimbi.

Leo nalala upande wowote ninaotaka. Nasevu chini, bila kuruka, smashi napiga chache. Bonde bado lipo, nimeambiwa huenda lisijae lote.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilishaandika mbili kwa ajili ya kijana. Nikafikia hata tatu, nikajiambia nisingeingia pale nisingekutana naye. Halafu nikawaza: nilikutana naye kwa sababu mtu mmoja hakuja kazini! Ningebaki na jeli yangu na pii pii mpaka vikao kumi viishe, msuli unakwenda, na kwenye faili imeandikwa nimekataa matibabu. Nimerudisha kwenye moja.

Juzi mapokezi wamenipigia, sauti laini kweli, dada yangu kifurushi chako kinaisha muda mwezi huu, una vikao vimebaki. Nikauliza yule kijana yupo? Amemaliza fildi, kaondoka. Basi kaeni na hela zenu, nikakata simu.

Hapana. Nimezifikiria hizo hela tangu jana. Jumatatu naenda na risiti yangu, na ile picha ya mgongo nimeshaisafisha kubwa, nitamwekea mezani pale karibu na bega lake la plastiki, aniambie vikao vilivyobaki ni vya kufanya nini.