SHA na saratani ya mama: kilicholipwa na kilichotutoka mfukoni

SHA ya mama, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilifanya kazi. Natanguliza hilo maana huku Pwani ukitaja bima ya serikali watu huguna kabla hujamaliza kusema. Mama alipatikana na saratani ya titi mwaka 2025, akafanyiwa kemo kisha mionzi, na bili zile kubwa zenye kutisha hatukuzilipa sisi. Kilichotukamua ni vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyetutajia mapema.

Kwanza kikomo. Tulipoingia sisi, nyumba nzima ilikuwa na shilingi 400,000 kwa mwaka za matibabu ya saratani kutoka mfuko wa SHA wa bima ya afya ya jamii, na zikiisha, mfuko wa dharura na magonjwa sugu uliongeza 150,000. Jumla 550,000. Nasema nyumba nzima, si kila mgonjwa: mume na mke wakiugua mwaka mmoja, wanagawana hizo hizo. Mama anauza mahamri, hana mshahara, kwa hiyo mchango wake ni ule wa chini kabisa, 300 kwa mwezi, na watu wa biashara kama yake hulipa mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Sasa hesabu hii hapa ndiyo ilinifanya ninyamaze. Kikao kimoja cha mionzi SHA ilikilipia 3,600. Mama alipangiwa vikao 15, yaani 54,000. Mchango wake wa mwaka ulirudi siku ya kwanza tu alipolala kwenye ile mashine. Hapo sina la kulalamika.

Shida ni njia ya kufikia hapo. Fedha za saratani zinafunguka ukishathibitishwa kuwa unayo. Kabla ya jibu kuna mamogramu, ultrasaundi, biopsi ya kukata kinyama kidogo titini, halafu kile kinyama kipelekwe maabara kupimwa homoni na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za titi kukua. Sisi yote hayo tulilipa wenyewe, kwa michango ya grupu la WhatsApp la ukoo, na shangazi mmoja akauza mbuzi. Wengi wanaishia hapo kwenye biopsi na kuiruka HER2 kwa kuona ni gharama ya bure. Msiiruke. Jibu lake ndilo linaloamua dawa. Mwenye HER2 chanya hupewa Herceptin, ambayo dozi moja ilikuwa kama 120,000. Mwaka huo huo wa 2025 serikali na Roche, kampuni inayotengeneza dawa hiyo, wakakubaliana SHA ilipe 40,000 kwa dozi na mgonjwa asitoe kitu. Bila karatasi ya maabara huwezi hata kuulizia. Ya mama ilitoka hasi.

Hospitali ya kwanza tuliyoulizia bei, ya binafsi, jina naliacha, walitutajia kiasi cha kila mzunguko wa kemo. Kilionekana cha kubebeka. Nikamwomba yule dada wa dirishani anichapishie kipengee kwa kipengee. Loo! Ile bei ilikuwa dawa peke yake. Chini yake kukafuata ada ya kumuona daktari, ada ya kuchanganya dawa, kitanda cha mchana, kanula, maji ya dripu, hadi glavu. Dawa ya kuzuia kutapika ilikuwa mstari wake peke yake, na mtu akidungwa ile kemo nyekundu (doksorubisini) bila hiyo dawa, anayemuuguza ndiye atakayewasimulia. Eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya kuangalia moyo, ambayo hufanywa kabla ya kuanza hiyo nyekundu, haikuwamo kabisa. Tukahamia hospitali ya umma. Huko bili ilikuwa fupi zaidi, ila mara mbili tatu duka la dawa lilikuwa tupu, tukaandikiwa karatasi tukanunue nje, na cha kununua nje ni pesa taslimu.

Halafu kuna siku za kurudishwa. Kila kabla ya kemo damu inapimwa, chembe nyeupe zikiwa chini hudungwi. Tumetoka Kilifi alfajiri, tumekaa foleni hadi adhuhuri, daktari anasema, "Mama, damu bado, njoo wiki ijayo." Mama akamtazama. "Haya mwanangu, na nauli ya leo nimdai nani?" Daktari akacheka, mimi sikucheka. Nauli, tuktuk, chakula, na sindano ya kupandisha chembe nyeupe tuliyonunua wenyewe: ukijumlisha miezi yote, hizo ndizo zilitupiga kuliko kemo.

Ningekuwa natoa nyota ningetoa tatu na nusu. Mionzi na kemo zenyewe, tano. Vipimo vya mwanzo na vinavyozunguka matibabu, mbili, na hizo mbili ni kwa huruma.

Kama unaanza sasa, uliza bei imeandikwa, siyo ya mdomo, na uulize maneno haya haya: mizunguko mingapi, kila mmoja una nini ndani, kipi nitanunua nje. Uliza pia salio la SHA limebaki kiasi gani kila unapotia kidole kuthibitisha, usingoje ufike dirishani uambiwe limekwisha. Mchango wa mwaka ulipe kabla haujaisha, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Mama ana tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, ya kumeza kila siku kwa miaka 5 na kliniki za kurudi, na wa kwake nishalipa.