To Walk Invisible: kina Brontë, madeni na kaka mlevi

Mimi ni mhasibu, na filamu za Uingereza ya zamani, zile za magauni marefu na chai bustanini, huwa zinanikera kwa jambo moja: hakuna anayeuliza hela zinatoka wapi. Filamu hii, To Walk Invisible, inauliza, tena mara kwa mara. Ndiyo maana niliitazama saa mbili zake zote kwa mkao mmoja na wifi yangu, ingawa tuliisimamisha kila alipotaka kugombana na mtu wa kwenye kioo.

Imeandikwa na kuongozwa na Sally Wainwright, na BBC waliionyesha Desemba 2016. Ni habari ya Charlotte, Emily na Anne Brontë, ndugu watatu wa kike waandishi, wa kijiji cha Haworth, Yorkshire, miaka ya 1845 hadi 1848, wakati vitabu vyao vilipokuwa vikiandikwa nyumbani huku kaka yao, Branwell, akijimaliza kwa pombe na afyuni.

Tazama hesabu zao zilivyokaa. Baba, mchungaji Patrick, anaelekea kupofuka. Nyumba ni ya kanisa. Siku akifa, mabinti wanafungasha. Mtoto wa kiume aliyetegemewa amerudi Julai 1845, amefukuzwa kazi ya kumfundisha kijana wa tajiri kwa sababu ya mapenzi na mama wa kijana huyo. Mabinti nao wakienda kufundisha majumbani kwa watu, malipo ni ya kusikitisha: Charlotte aliwahi kupokea pauni 20 kwa mwaka, na humo humo akakatwa za dobi.

"Kwani hawa hawana wajomba?" wifi akauliza. Kwenye filamu hawaonekani. Aliyewafaa ni mama mkubwa wao, Elizabeth Branwell, aliyefariki 1842 akawaachia urithi, kama pauni 300 kila mmoja. Huo ndio mtaji. Mwaka 1846 wakachota humo zaidi ya pauni 31 kugharamia kitabu cha mashairi kwa majina ya bandia, Currer, Ellis na Acton Bell. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili. Mbili! Mimi ningewashauri wafunge biashara. Wao wakageukia riwaya, na Oktoba 1847 Jane Eyre ya Charlotte ikatoka.

Lakini anayeibeba filamu ni Branwell, aliyeigizwa na Adam Nagaitis. Ukiwa umewahi kuishi na mlevi nyumba moja, hutahitaji kuelezwa. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Akitoka, watu wanasikilizia mlango. Halafu kuna yale majuto ya asubuhi yanayomlainisha mzazi hadi anatoa shilingi tena. Jonathan Pryce, aliyecheza kama baba, ana uso wa mzee anayejua anadanganywa na bado anatoa. Wifi alikuwa amekwishatoa hukumu: apelekwe kijijini akalime. Mimi nilimhurumia zaidi Anne (Charlie Murphy), kwa sababu yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufanya kazi kwenye nyumba ya yule tajiri, na kaka akamfuata huko. Hana wa kumlaumu kwa sauti, basi ananyamaza.

Emily wa Chloe Pirrie ni moto. Charlotte anapoyasoma mashairi yake bila ruhusa, hasira inayofuata si ya kuigiza kwa adabu. Finn Atkins kama Charlotte ni mdogo wa umbo, mkavu, mwenye kuamrisha. Sikumpenda hadi pale yeye na Anne walipofunga safari ya London, Julai 1848. Wanaingia ofisini kwa mchapishaji wa Jane Eyre, George Smith, ambaye miezi yote hiyo anaamini anaandikiana na mwanamume aitwaye Currer Bell. Charlotte anampa barua aliyoiandika Smith mwenyewe. Yule kijana anaitazama barua, anawatazama hawa wanawake wawili wenye nguo za kijijini, na akili inachelewa kufika. Tuliirudia hiyo sehemu.

Kasoro zipo. Watoto wenye taji za moto kichwani mwanzoni watakuchanganya kama hujui kwamba utotoni walijitungia nchi zao za kufikirika. Lafudhi ya Yorkshire ni nzito, washa maandishi ya chini. Watoto walale kwanza, matusi yapo. Mwisho nao unakimbizwa: Branwell anakufa Septemba 1848, kisha vifo vya Emily na Anne, vyote ndani ya miezi tisa iliyofuata, vinaachwa kwa maandishi, na ghafla tuko leo kwenye makumbusho ya kina Brontë pamoja na watalii. Mimi dakika hizo ningezitumia kwa Thomas Newby, mchapishaji aliyewatoza Emily na Anne pauni 50 ili awatolee riwaya zao, Wuthering Heights na Agnes Grey, akaahidi kuzirudisha, na wote wawili wakafa bila kurudishiwa.