Mchanga wa filta za bwawa la kuogelea kwenye tangi langu la samaki: miaka miwili ya kuutumia

Mchanga huu ninao mwaka wa pili sasa, kwenye tangi la vioo lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40. Ni mchanga wa silika, ule unaojazwa kwenye filta za mabwawa ya kuogelea. Hapa Dar unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa, mfuko wa kilo 25, na mfuko huo nimeupata kwa bei ndogo kuliko pakiti tatu za changarawe za rangi zinazouzwa kwa wafuga samaki wa mapambo. Nitaununua tena. Ila mwaka wa kwanza niliuozesha kwa kutojua, nikapoteza samaki wawili, na hilo ndilo ningependa anayefikiria kuununua alijue mapema.

Kabla ya huu nilijaribu mchanga wa kujengea. Niliuchekecha kwa chekecheo la unga na kuusuuza jioni nzima, na bado maji yalikaa siku nne yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Punje zake hazilingani, ndogo zinaziba nafasi kati ya kubwa, mwisho unashikana kama sakafu. Wa ufukweni sikuugusa. Una chumvi na vipande vya makombe, halafu sisi wa upande wa Kunduchi tunaona bahari inavyokula nchi kavu, kwa hiyo siwezi kwenda kuchota ndoo pale.

Walionilazimisha kutafuta mchanga mzuri ni samaki wenyewe. Nafuga Lamprologus ocellatus wa Ziwa Tanganyika, samaki wadogo, dume aliyekomaa hazidi sana sentimita 5 au 6, wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Siku ya kwanza kumwona dume kazini nilikaa mbele ya kioo saa nzima. Anakumba mchanga kwa mdomo, anaupeleka pembeni na kuutema, anarudi kuchukua mwingine. Akishachimba chini ya gamba anageuka na kupiga mkia, mchanga unaruka na kulifunika, anaendelea hivyo mpaka linabaki tundu tu usawa wa ardhi. Kwenye changarawe niliyokuwa nayo mwanzo walikuwa wanang'ata punje na kuziachia, gamba halisogei, wanazubaa pembeni. Ilikuwa inaniuma kuwatazama.

Dukani nilimwamkia mzee aliyekuwa kaunta, akaniuliza bwawa langu lina ukubwa gani.

"Si bwawa mzee, ni tangi la samaki."

Akafungua mfuko, akanimiminia kidogo kiganjani. "Basi chukua huu wa punje ndogo, mwanangu. Ule pale unalazwa chini kabisa ya filta, ni kokoto."

Ushauri wake ulikuwa sahihi. Punje za huu zinazidi kidogo nusu milimita, zinalingana, hazina ncha, na rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa asali. Nyumbani niliudondoshea siki, haukutoa povu hata kidogo, maana yake hauna chokaa na hautabadilisha maji.

Kuhusu kuuosha: fungulia mfuko nje, funga barakoa, uloweshe kabla ya kuanza kuumimina, kwa sababu vumbi la silika linaharibu mapafu. Mimi naosha kama kilo 5 kwa ndoo ya lita 20, mpira wa maji nauzamisha mpaka chini, nakoroga kwa mkono, namwaga. Maji ya saba yalikuwa safi. Mawe yanawekwa kabla ya mchanga, yakae kwenye kioo chenyewe, la sivyo wachimbaji hawa watayaangusha.

Sasa kosa langu. Kilo 25 kwenye tangi la ukubwa huu zinatoa kama sentimita 4 kote. Mimi nilitaka mandhari ya mlima, nikaurundika kona ya nyuma kuzunguka mawe ukafika sentimita 9, mbele ukabaki 2. Mwezi wa nane nikaanza kuona madoa meusi nyuma ya kioo, kama mtu amepaka lami chini ya mchanga. Mbele, samaki wanapochimba, ulikuwa mweupe kama siku ya kwanza. Sikuijali ile tofauti.

Siku moja nikainua jiwe la kona ile ili nilisugue. Mapovu makubwa yakapanda na harufu ya yai viza ikajaa sebule. Haikupita saa moja, samaki watatu walikuwa juu ya maji wanahema. Nilibadilisha nusu ya maji, nikaongeza pampu ya hewa, nikakesha nao. Alfajiri wawili walikuwa wamekufa, mmoja wao jike aliyekuwa na vifaranga kwenye gamba la karibu na jiwe lile.

Nilisoma sana baada ya hapo. Kinyesi na mabaki ya chakula huzama kati ya punje. Tabaka la juu lina oksijeni, bakteria wanavunja uchafu huo vizuri. Chini kabisa, maji yasipopita, oksijeni inakwisha na nafasi inachukuliwa na bakteria wanaotumia salfeti, ambao hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ile ya yai. Weusi unatokea gesi hiyo inapokutana na chuma kilichomo humo. Ikivuja kidogo kidogo kwenye maji yenye hewa ya kutosha inavunjika kabla ya kudhuru. Kuifukua kwa mkupuo, kama nilivyofanya mimi, ndiko kunakoua.

Kwa hiyo nimegeuza mpangilio. Mbele kwenye magamba kuna sentimita 5, kwa sababu pale samaki wanaupindua wenyewe kila siku. Nyuma, wasikofika, nimebakiza 2. Kila Jumamosi nachukua kijiti cha mishikaki na kutoboa taratibu sehemu zisizochimbwa, shimo kila sentimita 4 hivi. Ncha ikitoka nyeusi au ikinuka, naishia hapo, narudi wiki inayofuata. Umeme ukiwa umekatika kwa saa nyingi siugusi kabisa. Ninao pia konokono wembamba wenye gamba refu kama pembe, Melanoides tuberculata: mchana wanazama mchangani, usiku wanapanda kwenye kioo, na kule chini wanausogeza mchanga kuliko kijiti changu. Waombe kwa mwenye tangi. Usiokote konokono mtoni wala ziwani, huko kuna wanaobeba kichocho.

Mpira wa kunyonya maji usiuchomeke mchangani kama unavyofanya kwenye changarawe. Uzungushe sentimita 2 juu yake, uchafu utapanda wenyewe kwa sababu ni mwepesi. Mchanga ukianza kupanda nao, bana mpira kwa vidole, utashuka. Natoa robo ya maji kila wiki, na mapya nayatia dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Kasoro zake zipo. Uchafu unaonekana wote, kinyesi hakijifichi kama kwenye changarawe, na asiyependa kuona hilo atachoka. Wiki ya tatu ulifunikwa na ute wa kahawia uliodumu karibu mwezi na nusu. Kubwa zaidi ni filta: yangu ya kwanza ilikuwa inanyonya karibu na chini, samaki walivyokuwa wanarusha mchanga ukaingia ndani, kile kifeni cha pampu kikasagika kabla ya miezi mitano. Sasa mdomo wa filta uko sentimita 15 juu na nimeuvalisha sponji. Na kwa samaki wa Tanganyika, ambao ziwani kwao pH (kipimo cha asidi au magadi ya maji) inakaribia 9, mchanga huu hausaidii chochote. Nimeweka ndani ya filta mfuko wa makombe yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya kuku, na maji yangu yamepanda kutoka 7.4 hadi 8.2.

Mwezi uliopita nilijaribu kitu. Nilipeleka magamba mawili kwenye ile kona ya nyuma na kuongeza mchanga ukafika 5. Siku ya tatu dume mdogo alikuwa ameshafukia gamba moja, na kifusi alichokirundika kando ya kioo kilikuwa cheupe mpaka chini.